Kesi ya Unix: AT&T na Berkeley mahakamani

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Keith Bostic wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliomba watu wajitolee kuandika upya programu za mfumo endeshi wa Unix, moja baada ya nyingine, kwa kufuata maelezo ya jinsi zinavyofanya kazi na bila kugusa msimbo wa AT&T. Malipo hayakuwapo. Atakayemaliza angetajwa jina kando ya programu aliyoiandika.

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za AT&T. Kwa kuwa makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani yaliizuia kampuni hiyo ya simu kufanya biashara ya kompyuta, vyuo viliupata mfumo huo kwa ada ndogo, msimbo wake ukiwa wazi. Berkeley waliuboresha kwa miaka mingi na kuusambaza kwa jina la BSD. AT&T nayo ikachota humo. Kisha leseni zake zikapanda bei mno, ndipo Bostic akaja na wazo lake.

Wenzake hawakuamini angefanikiwa. Alifanikiwa. Toleo la Juni 1991 lilipungukiwa faili 6 tu ili liwe mfumo kamili.

Kampuni changa iitwayo BSDI iliziba pengo hilo, ikauza mfumo wake kwa dola 995. Mwaka 1992 USL, kampuni tanzu ya AT&T, ikaishtaki huko New Jersey kwa madai ya kuchukua mali yake. BSDI ilijibu kwamba kazi yake ni faili 6, nyingine zote chuo kinazigawa kwa yeyote. Jaji akaitaka USL ijikite kwenye hizo 6, la sivyo ataitupa kesi. USL ikakiunganisha chuo chenyewe kwenye mashtaka. Machi 1993 Jaji Dickinson Debevoise alikataa kuzuia mauzo.

Chuo nacho kikafungua kesi California. Leseni yake ilitaka jambo dogo mno: kitajwe. Unix ya USL ilisheheni kazi za Berkeley, na chuo hakikutajwa ipasavyo. Kwangu mimi, hapo ndipo madai ya USL yalipopoteza uzito wa haki, hata kabla sheria haijasema neno. Waliolalamika kuchukuliwa mali yao walikuwa wamenyima watu wengine jina, ujira pekee waliouomba.

Kampuni ya Novell, iliyoinunua USL mwaka 1993, ilitaka suluhu. Mapema 1994 walikubaliana: kati ya faili 18,000, zikaondolewa 3, chache zikarekebishwa.

Lakini shaka ya miaka 2 ilikuwa imewafukuza wengi, na Linux, mfumo mwingine unaofanana na Unix, ikakua. Linus Torvalds mwenyewe amesema kwamba kama BSD ya kompyuta ndogo ingekuwapo alipoanza, huenda asingeiandika Linux.

Masharti ya suluhu yalibaki siri hadi 2004, kampuni ya SCO ilipokuwa ikiishtaki IBM kwa madai kwamba msimbo wa Unix umeingizwa kwenye Linux. Yalitolewa kwa sheria ya California ya kumbukumbu za umma, kwa sababu chuo hicho ni mali ya umma.