Istilahi za Kemia: Maneno ya Tanuu na Maneno ya Maabara

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya kemia kwa kuwa hakina maneno. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dai hilo halikubaliani na historia ya kemia, wala na historia ya Kiswahili.

Yafaa tuanzie Ulaya, kwani wengi hudhani kwamba huko istilahi hizi zilizaliwa zikiwa kamili. Sivyo hata kidogo. Wanakemia wa kale waliviita vitu kwa rangi zake, kwa mahali vilikopatikana, au kwa jina la aliyevigundua. Mwaka 1787 Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walichapisha utaratibu mpya: jina la msombo lionyeshe elementi zilizouunda. Jina "oksijeni" lilitungwa na Lavoisier kutokana na Kigiriki, likiwa na maana ya "kizaa asidi", kwa kuwa aliamini kwamba hapana asidi isiyokuwa na gesi hiyo. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza alieleza kwamba klorini ni elementi. Kwa hiyo asidi ya hidrokloriki ni hidrojeni na klorini tu. Imani ilianguka, jina likabaki. Wajerumani nao walikwisha kulitafsiri kosa hilo katika lugha yao: Sauerstoff, yaani kitu cha uchachu. Basi ni dhahiri kwamba istilahi haingoji kuwa kamilifu ndipo itumike. Inahitaji kukubaliwa na kufundishiwa.

Tukirejea kwetu, waashi wa pwani waliojenga Gede na Kilwa walichoma matumbawe wakapata chokaa. Moto hufukuza kabonidioksidi kutoka katika jiwe. Chokaa hiyo ikitiwa maji hupata joto na kufuka. Nayo ikiisha kupakwa ukutani huvuta tena gesi ile ile kutoka hewani, ikarudi kuwa ngumu kama jiwe. Hiyo ni mimenyuko mitatu iliyofanywa na mafundi karne nyingi kabla ya maabara za shule. Hali kadhalika tulikuwa na kutu, kuchacha, magadi na zebaki. Kiberiti tulikipokea kutoka Kiarabu, na Kiingereza chenyewe kililipata neno alkali kutoka huko huko. Kukopa, kwa hiyo, si aibu ya lugha changa.

Hata hivyo, maneno ya tanuu hayatoshi. Fundi hakuhitaji kutofautisha mchanganyiko na msombo. Mwanafunzi hana budi. Ungaunga wa chuma na wa salfa ukichanganywa, sumaku yaweza kukitoa chuma: huo ni mchanganyiko. Ukipashwa moto mkali, hupatikana kitu kipya cheusi ambacho sumaku haiwezi kukitenga tena: huo ni msombo. Asiyekuwa na maneno mawili hapa atakariri somo bila ya kulielewa.

Kazi ya kuyapata maneno hayo imefanywa. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa likafuata Tanzania mwaka 1967. Na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Lakini mwaka 1982 tume ya elimu ya nchi hiyo ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia shule za sekondari mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwetu Kenya kemia yafundishwa kwa Kiingereza. Hivyo istilahi zimebaki vitabuni. Kwa kukosa mwalimu wa kuzitumia, msombo na kampaundi huzidi kushindana, wala hapana anayeamua.

Lavoisier na wenzake hawakufaulu kwa sababu Kifaransa kilikuwa na utajiri wa pekee. Walifaulu kwa sababu majina yao yaliingia darasani mara moja, yakasahihishwa huko. Yetu yangali mlangoni. Lugha haishindwi na kemia. Hushindwa na wenyewe wasioifungulia mlango.