Makaratasi ya gari iko wapi? Historia fupi ya kutunza karatasi mjini Goma



Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi, mbingu ya Goma iligeuka nyekundu. Wengi wenu mnaikumbuka ile jioni, hakuna haja ya kuieleza sana. Kwetu nyumbani, neno la kwanza halikuwa "tukimbie". Mama aliuliza: "Makaratasi ya gari iko wapi?" Baba mdogo akajibu: "Iko mu gari." Mama akasema: "Na gari yenyewe iko wapi?"

Gari ilikuwa kwa fundi, upande wa Majengo, yaani upande ule ule ambao watu walikuwa wanaukimbia. Tukatoka kwa miguu, watoto mgongoni, bila gari na bila karatasi. Bahati yetu, lava ilisimama karibu na Buhene, haikuingia katikati ya mji. Gari ilipona na karatasi zikapona. Lakini lile swali la mama limebaki kichwani mwangu mpaka leo. Nilipoanza kusoma historia ya mji wetu, nikaona kwamba Goma imekuwa ikijiuliza swali hilo hilo kila mara, na kila mara jibu lililokuwa zuri jana linashindwa leo.

Karatasi ilianza kwa mtu, kisha ikafika kwa gari

Tukisema "immatriculation" leo, kila mtu anafikiria plake ya gari. Lakini wakati wa Wabelgiji neno hilo lilikuwa pia la watu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya "mérite civique" kwa Wakongomani iliyowaita "évolués". Mwaka 1952 ikatoka dekreti ya immatriculation: Mkongomani aliyetaka kuhesabiwa karibu na Mzungu mbele ya sheria alipaswa kuchunguzwa. Wachunguzi walifika mpaka nyumbani kwake kuangalia anavyoishi na anavyokula. Waliopewa karatasi hiyo walikuwa wachache sana.

Ninaleta jambo hilo kwa sababu moja. Babu zetu walijifunza mapema kwamba kipande cha karatasi kinaweza kuamua wewe ni nani mbele ya mwenye nguvu. Njo maana wazee wengi wana ile tabia ya kufunga karatasi ndani ya plastiki, kisha ndani ya kitambaa, kisha chini ya nguo kwenye sanduku. Sisi vijana tunacheka. Lakini walikuwa na sababu.

Sheria zilizojaza mfuko wa dereva

Kisha uhuru ukaja, na gari nayo ikapata karatasi zake. Mwishoni mwa mwaka 1966 serikali iliunda SONAS, na kwa karibu nusu karne hiyo ndiyo ilikuwa nyumba pekee ya asiransi nchini. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ikalazimisha kila mwenye gari kuwa na asiransi ya "responsabilité civile". Mwaka 1978 ikatoka Code de la route mpya. Baadaye sana, sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni zingine za asiransi, na zile za kwanza zilipata ruhusa mwaka 2019.

Tuelewe vizuri kila karatasi inafanya kazi gani, maana watu wengi wanazichanganya. Karte roze inasema gari ni ya nani. Asiransi ya lazima inasema nani atalipa kama gari yako inagonga mtu au inaharibu kitu cha mwingine. Hailipi gari yako mwenyewe ikiungua kwa lava, isipokuwa kama ulinunua ulinzi zaidi ya ule wa lazima. Ukivuka mpaka kwenda Rwanda au Uganda, kuna kadi ya njano ya COMESA, ambayo inafanya asiransi yako itambulike kule.

Juu ya zote kuna karatasi ya duane. Gari nyingi tunazoona hapa, zile zenye usukani kuume hata kama nchi yetu inaendesha upande wa kuume, zilitumika kwanza mbali huko, zikapita bahari mpaka Mombasa au Dar es Salaam, kisha barabara mpaka kwetu. Karatasi ya duane ndiyo inaonyesha kwamba gari iliingia kwa njia ya haki. Karte roze inazaliwa kutoka hiyo. Mimi naiita karatasi mama. Hizo zingine ni watoto wake.

Kila mahali pamepimwa

Sasa turudi kwenye swali: tuziweke wapi?

Jibu la kwanza la watu wengi ni ndani ya gari, katika kile kisanduku mbele ya abiria. Ni rahisi, kwa sababu polisi wa roulage akikusimamisha hautafuti mbali. Lakini tukumbuke tarehe 17 Januari 2002. Lava ya Nyiragongo ilipasua mji katikati, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikachoma kanisa kuu la Saint-Joseph, ikateremka mpaka ziwa Kivu. Watu zaidi ya 100.000 walibaki bila nyumba. Gari iliyobaki njiani mwa lava ilikwenda na kila kitu kilichokuwa ndani yake. Mwenyewe alipoteza kitu na ushahidi wa kitu siku moja. Na hata bila volkano, mwizi akichukua gari yenye karte roze ndani, umemrahisishia kazi ya kuiuza.

Jibu la pili ni nyumbani, katika sanduku. Lakini mwaka 2002 nyumba nazo ziliungua. Na mwaka 2021, ile amri ya asubuhi ya tarehe 27 Mei ya kuhama mitaa mingi ya mji iliwakuta watu ghafla. Barabara ya Sake ilijaa watu. Sanduku zuri lililo nyuma ya kitanda halikusaidii kama wewe uko Birere na barabara ya kurudi nyumbani imefungwa na umati.

Jibu la tatu ni la watu wenye pesa kidogo: benki, au ofisi yenye mlango wa chuma. Hilo lilionekana kuwa jibu la kisomi kabisa. Lakini mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, mabenki yakafunga milango, na miezi ikapita bila milango hiyo kufunguliwa. Fikiria mtu aliyeacha karatasi mama huko kama dhamana ya mkopo. Karatasi haikuibiwa, haikuungua. Iko salama kabisa, lakini yeye haifikii.

Jibu la nne ni letu sisi vijana: "Niko nayo mu telefone." Nakubali, picha ni jambo kubwa. Lakini siku zile zile za Januari 2025, umeme ulikatika na intaneti ikakatika. Picha iliyo mbali huko kwenye mtandao haikufunguka. Telefone isiyo na moto ni kioo tu.

Na muhuri nao unabadilika

Kuna jambo lingine ambalo watu wa miji mingine hawalijui kama sisi. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire. Mwaka 1997 ikarudi kuitwa Kongo. Mwaka 1998 uasi wa RCD ulianzia hapa Goma, na kwa miaka mji ulitawaliwa mbali na Kinshasa, mpaka nchi ilipoungana tena mwaka 2003. Mwezi wa Novemba 2012 M23 iliingia mjini, ikakaa siku kama kumi, na mwaka 2025 ikarudi. Kila mara, mtu anayeuliza karatasi barabarani si yule wa jana.

Katika hali kama hiyo, watu wanasema: "Karatasi ina faida gani basi, kama kila utawala unaleta muhuri wake?" Mimi naona kinyume. Kwa kawaida karatasi yako ni kivuli cha kitabu kikubwa kilicho katika ofisi ya serikali. Ukiipoteza, wanafungua kitabu, wanakutafutia jina lako, wanakupa nyingine. Lakini ofisi ikihama, ikifungwa au ikichomwa, hakuna kitabu cha kufungua. Siku hiyo karatasi yako si kivuli tena. Yenyewe inakuwa kitabu. Mtu mwenye mfululizo mzima wa karatasi zake, ya zamani na ya sasa, anaweza kuonyesha safari ya gari yake tangu bandarini mpaka leo, hata kama mihuri inapingana. Kwa hiyo usitupe ile ya zamani kwa sababu umepata mpya.

Basi tufanye nini?

Historia ya Goma haituonyeshi mahali pamoja palipo salama. Inatuonyesha kwamba kila mahali pana siku yake ya kushindwa. Hivyo busara ni kutenganisha mama na watoto, ili hatari moja isiwakute wote pamoja.

Watoto, yaani karte roze, asiransi na zingine ambazo dereva anaulizwa barabarani, zitembee na dereva katika mfuko mmoja mdogo wa plastiki. Akitoka ndani ya gari, anatoka nazo. Karatasi mama, pamoja na karatasi ya kununua gari, ibaki ndani ya mfuko wa kukimbia: ule ambao kila mtu wa nyumba anaujua, uko karibu na mlango, na hata mtoto wa miaka kumi anaweza kuubeba. Diplome zenu ziwe humo pia, wasomi. Fotokopi iliyothibitishwa iende kwa ndugu wa kuaminika katika mji mwingine, Bukavu au Butembo au popote. Na picha ibaki ndani ya telefone yenyewe, si kwenye mtandao peke yake. Polisi anaweza kuikataa hiyo picha, ni haki yake. Lakini ina namba ya plake, namba ya shasi, namba ya asiransi na tarehe. Siku ya kwenda kutangaza kwamba umepoteza na kuomba nyingine, mtu mwenye namba anasikilizwa haraka kuliko mtu mwenye machozi.

Haigharimu sana: fotokopi kidogo, plastiki mbili, na mazungumzo ya dakika kumi na watu wa nyumbani. Hayo mazungumzo ndiyo tunayakosa. Katika nyumba nyingi ni baba peke yake anayejua karatasi iko wapi. Na siku ya hatari, baba anaweza kuwa njiani kuelekea Rutshuru.

Kwetu sasa mfuko upo, nyuma ya mlango wa sebuleni. Ni mweusi, umechakaa kidogo. Januari 2025, risasi zilipoanza kusikika, mama hakuuliza tena kitu. Alinyosha mkono tu, akauchukua.

Wewe leo usiku, kabla ya kulala, uliza kwenu: makaratasi iko wapi? Kama majibu ni mawili tofauti, kazi bado iko.