Mdororo wa Ubunifu

Mdororo ni nomino ya kitenzi dorora, yaani kulegea na kupoteza nguvu hatua kwa hatua. Magazeti hulitumia neno hili zaidi kwa uchumi na biashara, lakini linamfaa vilevile mtunzi, mchoraji au mwanamuziki ambaye kazi zake zimepungua hadi karibu kukoma. Si sawa na kukwama. Aliyekwama amezuiwa na fundo moja, kama sura ya riwaya isiyokubali kufungwa, na akilifungua husonga mbele. Mdororo ni kipindi. Hauna fundo la kushikwa kwa mkono, na ndiyo maana unachosha zaidi.

Mfano ulio wazi ni wa Sergei Rachmaninoff wa Urusi. Simfoni yake ya kwanza ilipopigwa St Petersburg mwaka 1897, ilipokewa vibaya mno, na kwa takriban miaka mitatu akatunga kidogo sana. Hata hivyo hakukaa bure: aliongoza okestra ya opera ya binafsi mjini Moscow, akaendelea kuuishi muziki bila kudaiwa utunzi mpya. Mwaka 1900 alitibiwa na daktari Nikolai Dahl kwa mazungumzo na hipnosisi. Mwaka uliofuata alikamilisha konseto yake ya pili ya piano, akamtunukia daktari huyo.

Kwa hiyo kitenzi kinachoendana na mdororo ni kujinasua, na mara nyingi mtu hujinasua kwa kushikwa mkono na mwingine. Kumwambia aliyedorora “kaza buti” ni ushauri wa bure.