Kujaa kwa matiti

Kujaa kwa matiti ni hali ya matiti ya mama anayenyonyesha kuvimba, kuwa magumu na kuuma kutokana na maziwa, damu na majimaji ya mwili kujikusanya ndani yake. Hutokea zaidi kati ya siku ya 3 na ya 5 baada ya kujifungua, maziwa yanapoanza kutoka kwa wingi. Visababishi vikuu ni kuchelewa kuanza kunyonyesha, mtoto kutoshika titi vizuri na kunyonyesha kwa nadra. Ngozi ya titi hung'aa, chuchu huwa bapa na mtoto hushindwa kuishika. Mama huweza kupata homa ndogo.

Hali hii hudhibitiwa kwa kumnyonyesha mtoto kila anapohitaji, kwa kawaida mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Kukamua maziwa kidogo kwa mkono hulainisha eneo linalozunguka chuchu kabla ya kunyonyesha. Kitambaa cha maji baridi hupunguza uvimbe baadaye. Isiposhughulikiwa, huweza kupunguza maziwa au kuleta uambukizo na jipu. Homa kali au maumivu makali ya titi moja huhitaji matibabu ya haraka. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto anyonyeshwe ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, hatua inayosaidia kuzuia tatizo hili.