Theluthi Mbili

Tunapozungumzia msaada wa masomo, wengi wetu huuliza nani apewe. Swali la nani anyang'anywe huachiwa yule aliyekwisha kuipokea barua. Marekani imeliandikia swali hilo kanuni ndefu, na historia ya kanuni hizo inasomeka vizuri kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Tarehe 22 Juni 1944, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kuwasaidia askari waliorudi kutoka vitani. Serikali ingewalipia ada hadi dola 500 kwa mwaka, na asiye na wategemezi angepata posho ya dola 50 kwa mwezi. Sharti la kuendelea kupata msaada lilikuwa fupi: kazi ya mwanafunzi izidi kuridhisha kwa vipimo vya kawaida vya chuo chake. Serikali ilitoa fedha, hukumu ikaachiwa walimu.

Imani hiyo ilikuwa na gharama. Shule za ufundi za watu binafsi zilichipuka kama uyoga, na nyingine zilijua kutoza kuliko kufundisha. Ndiyo maana siungani na wanaodai kwamba masharti yote ni ukatili. Fedha ya umma isiyoulizwa huwa na walaji wengi, na wanafunzi si wa kwanza katika foleni.

Tarehe 8 Novemba 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Elimu ya Juu huko San Marcos, Texas, katika chuo alichosoma yeye mwenyewe. Hakuchagua mahali pale bure. Mwaka 1928 alikuwa ameyaacha masomo yake kwa muda akaenda kufundisha watoto wa Kimeksiko katika mji wa Cotulla ili apate fedha, na akahitimu mwaka 1930. Alijua maana ya kusoma kwa kusimama njiani.

Mwaka 1972 ikaanzishwa ruzuku kwa wanafunzi maskini, ambayo baadaye ilipewa jina la Seneta Claiborne Pell. Mwaka 1976 Bunge likaandika kwamba mpokeaji lazima aonyeshe maendeleo ya kuridhisha, kwa vipimo vya chuo. Mwaka 1986 likaongeza kwamba mwisho wa mwaka wa pili awe na wastani wa C au kiwango kinachomwezesha kuhitimu. Kisha kanuni za Oktoba 2010, zilizoanza kutumika Julai 2011, zikalikaza neno "kuridhisha" kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Shahada ya krediti 120 haipewi msaada kupita mara moja na nusu ya urefu wake, yaani krediti 180 zilizojaribiwa. Ili mtu amalize ndani ya mpaka huo, vyuo vingi humtaka afaulu theluthi mbili ya anachojiandikisha, asilimia 67 hivi. Somo lililoachwa katikati ya muhula huhesabiwa kama limejaribiwa, sawa na lililofeliwa. Aliyeondoka kabla muhula haujaanza hana deni la krediti. Ugonjwa na msiba, kwa bahati mbaya, havisomi kalenda ya chuo.

Pale Mlimani, Dar es Salaam, wanafunzi huziita fedha zao "bumu", na kufukuzwa kwa kufeli "kudisko". Kwetu anayedisko huondokewa na vyote siku moja. Marekani vinaweza kutengana: chuo kinamruhusu mtu aendelee kusoma, ila fedha zimekatika, na kwa asiye nacho ruhusa hiyo ni ya maneno tu.

Namfahamu kijana mmoja Mkongo, tangu alipokuwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla familia yake haijapelekwa Marekani. Alijiandikisha krediti 12 huku akifanya kazi ya zamu ya usiku. Mama yake akaugua. Akaacha masomo mawili, akabaki na krediti 6. Asilimia 50. Akapata onyo. Muhula uliofuata alimaliza krediti 9 kati ya 12, maana hospitali ilimwita tena. Jumla ikawa 15 kati ya 24, yaani asilimia 62. Alikuwa anapanda, wala hakufeli mtihani hata mmoja, lakini msaada ukasimamishwa.

Kanuni zinaruhusu rufaa: kwa kifo cha ndugu, ugonjwa wa mwanafunzi mwenyewe, au hali nyingine ya pekee. Na hesabu inaweza kulegezwa wakitaka. Machi 2020 Bunge liliruhusu masomo yaliyokatizwa na korona yasihesabiwe. Ila mwenye kukata rufaa lazima aeleze mambo mawili: kwa nini alishindwa, na nini kimebadilika.

Hilo la pili ndilo lililomfanya anipigie simu. "Mwalimu, nikiandika kwamba mama amepona nitakuwa nimesema uongo."

Nilimwambia asiandike habari za mama kubadilika, aandike ya kwake. Akaeleza kwamba atachukua masomo mawili tu kila muhula, ili ayamalize yote. Rufaa ikakubaliwa, akapewa muhula wa majaribio. Ruzuku nayo ikapungua, kwa kuwa sasa anahesabiwa mwanafunzi wa nusu muda, na zamu za usiku akaziongeza.