Shingo, si Kichwa

Imenifikia orodha mpya ya istilahi za upigaji picha. Humo, kile kifaa kinachokaa kati ya miguu ya tripodi na kamera kimeitwa "kichwa cha kitegemezi cha miguu mitatu". Maneno sita kwa kitu kinachoenea kiganjani! Watungaji sitawataja, kwani baadhi yao tunakutana misibani na harusini, lakini istilahi hiyo ni mbovu, na ubovu wake hauishii kwenye urefu.

Kichwa ni neno la ukoo mkubwa. Mvita na Lamu ni kitwa, kwa Wakikuyu mũtwe, kwa Waganda omutwe, Rwanda umutwe. Sisi tumelitia katika ngeli ya ki- tukaendelea na safari, na kokote tulikolipeleka limebeba maana ya kitu cha juu kabisa au kitu kinachoongoza. Kichwa cha habari hukaa juu ya habari. Kichwa cha treni huvuta mabehewa, na madereva wa malori ya masafa hutofautisha kichwa na tela kwa mantiki hiyohiyo. Mwanaistilahi mmoja, hodari wa kusema kuliko kusikiliza, alinirushia cherehani: mbona nayo ina kichwa? Inacho, na ndicho kinachoshona, tena juu yake hakuna kiungo kingine ila uzi. Hoja yake ilikufa palepale, ingawa mpaka leo amekataa kuizika.

Sasa kitazame kifaa chenyewe. Chini, kwa kawaida, kina tundu la skrubu ya inchi 3/8 inayotoka kwenye miguu. Juu kina skrubu ya inchi 1/4 inayoingia kwenye tumbo la kamera. Kimefungwa chini, kimefungwa juu, kinabeba chenye jicho na kukigeuza huku na huko. Kiungo cha namna hiyo Mswahili hakuhitaji kikao ili akipe jina: ni shingo. Waganda husema ensingo, Wakikuyu na Wakamba ngingo, nasi k ile ya kale imetulainikia ikawa sh. Vijana wa mjini wanamwita shingo feni yule bwana anayegeuka kila apitapo mwanamke. Hakuna aliyemwita kichwa feni, maana kila mtu anajua kinachozunguka ni kipi.

Pendekezo langu la "shingo ya tripodi" nililipeleka kwa maandishi kwa kamati iliyotunga orodha, na hoja zote hizi nikaziambatisha. Jibu lilikuwa la aya moja: neno langu "halishabihiani na lugha chanzi". Lugha chanzi ipi? Kiingereza kilikiona kichwa, sawa. Lakini tripodi yenyewe Kiingereza kimeirithi kwa Wagiriki, ambao tripous yao ni kitu cha miguu mitatu tu, basi. Kule Delfi kuhani Pythia aliketi juu ya kigoda cha namna hiyo akitoa unabii wake, na sijapata kusoma kwamba aliitwa kichwa cha kigoda. Anayetaka kukopa kwa Kiingereza na akope moja kwa moja, aseme "hedi". Ajue tu kwamba jirani wa neno hilo ni hedhi.

Orodha ile inaharibika zaidi inapofika kwenye aina. Ile shingo yenye tufe la chuma lililokaa ndani ya kikombe na kubanwa kwa kitasa kimoja wameiita "kichwa cha mpira". Msomaji wa kurasa za michezo atadhani ni bao la krosi. Tufe la chuma Mswahili analo jina lake, gololi, analolitumia mtoto uwanjani na fundi wa baiskeli vilevile. Hiyo, basi, ni shingo gololi. Na ile ya wapiga picha za video, ambayo msuguano wa mafuta mazito huifanya izunguke taratibu bila kushtuka? Wameiita "kichwa maji"! Kichwa maji kwetu ni ugonjwa wa watoto, tena ni tusi, na Euphrase Kezilahabi alikwishalitumia kuwa jina la riwaya yake ya 1974. Ndani ya kifaa hicho hamna hata tone la maji. Chadwell O'Connor, Mmarekani mpenzi wa treni za mvuke, alikibuni ili aweze kuzifuata kwa kamera zikipita bila picha kurukaruka, na Oscar za kiufundi za mwaka 1975 zilimtambua kwa kazi hiyo. Mimi nasema shingo mafuta.

Uzuri wa shingo ni kwamba inazaa bila mkunga. Kwenye ukingo wa kikombe cha shingo gololi pana pengo. Ukilegeza kitasa, kijiti cha tufe hulala ndani ya pengo hilo na kamera ikasimama wima kwa picha ya mtu mmoja. Hapo kamera iko shingo upande, kama walivyokuwa wajumbe wawili watatu wa kamati ile, kwa habari nilizozipata, siku ya kupitisha orodha yao.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: shingo gololi kwa mwenye haraka, ya mipini mitatu kwa majengo na bidhaa, maana kila mhimili hufungwa peke yake, shingo mafuta kwa video, shingo bembea, ile inayoiacha lenzi ibembee, kwa lenzi nzito za kupigia ndege na wanyama. Pima uzito wa kamera pamoja na lenzi yake ndefu kuliko zote kabla ya kununua. Ukiisha kukaza, achia mkono na utazame: picha ikizama kidogo, shingo hiyo haikuwezi, rudisha dukani. "Bembea" najua wataipinga, na majibu yao nimekwisha kuyaandaa.