Mama Ana Mshono, Mtoto Alale Wapi?

Wadau, leo tuachane kidogo na siasa. Nina swali linaloonekana dogo: mwanamke akijifungua kwa operesheni, mtoto wake alale wapi usiku ule wa kwanza? Kitanda kimoja na mama? Kitanda chake pembeni? Chumba kingine na manesi? Au abebwe na bibi mpaka kuche? Kila mtu ana jibu. Nesi ana lake, mama mkwe ana lake, intaneti inayo elfu moja. Anayesahaulika kuulizwa ni yule mwenye mshono. Nimelichimba jambo hili kihistoria, na nimegundua kwamba kusahaulika kwake hakukuanza jana.

Tuanzie hapa jirani, Bunyoro, magharibi ya Uganda ya leo. Mwaka 1879 kijana wa Kiingereza aliyekuwa akisomea udaktari, Robert Felkin, alishuhudia operesheni ya uzazi mahali paitwapo Kahura. Aliichapisha mwaka 1884 katika jarida la madaktari la Edinburgh. Mama alikuwa binti wa miaka kama 20, mimba ya kwanza. Alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akalisafisha na tumbo lake. Palipovuja damu pakachomwa kwa chuma cha moto. Jeraha likafungwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizozungushiwa kamba ya magome, likapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, likafunikwa kwa jani la mgomba.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo kwenye kisu, na kweli inashangaza. Mimi kilichonivuta ni kilichofuata. Felkin anaeleza kwamba saa mbili baada ya operesheni mtoto aliwekwa kwenye titi la mama yake. Ila maziwa yalikuwa haba kwa siku kama kumi, hivyo mara nyingi mtoto alinyonyeshwa na rafiki wa mama. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Kwa maneno mengine, watu wa Kahura walikuwa na utaratibu wa baada ya kisu pia: mtoto aletwe kwa mama mapema, na pawepo mwanamke mwingine wa kubeba mzigo ambao mgonjwa hawezi kuubeba.

Ulaya ya wakati ule swali letu lilikuwa halijapata nafasi, kwa sababu mama aliyepasuliwa mara nyingi alikufa. Mwaka 1876 Eduardo Porro, daktari wa Pavia huko Italia, aliokoa maisha ya mama kwa kuondoa kizazi chote. Mwaka 1882 Max Sänger wa Leipzig akaonyesha kwamba kizazi kinaweza kushonwa vizuri na kubaki. Baadaye zikaja njia bora za ganzi, damu ya kuongezewa na antibayotiki. Hapo ndipo akapatikana mtu mpya katika historia: mama aliye hai, mwenye akili timamu, mwenye mtoto wa saa chache, lakini hawezi kukaa wala kugeuka ubavu bila kuuma meno.

Na alipopatikana, hospitali zilikuwa zimeshaamua mtoto analala wapi. Marekani, kadiri wanawake walivyohamia kuzalia hospitali katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, watoto walikusanywa kwenye chumba chao chenye dirisha la kioo. Baba alichungulia kwa nje. Mama aliletewa mtoto kila baada ya saa nne, akinyonya anarudishwa. Sababu kubwa ilikuwa hofu ya maambukizi, pamoja na imani kwamba kila kitu lazima kiende kwa saa ya ukutani. Kumbe kuwalundika watoto chumba kimoja nako kulisambaza magonjwa, na maziwa ya mama yanayosubiri saa nne hukauka. Mwaka 1946 daktari Edith Jackson alianzisha New Haven mpango wa kumweka mtoto chumbani kwa mama. Leo tungeuita utaratibu wa kawaida; kule uliitwa jaribio.

Tuwe wa haki, lakini. Hofu ya mtoto kulala na mama haikubuniwa na wazungu wa hospitali. Ile hukumu ya Suleimani katika Biblia wengi tunaikumbuka kwa upanga, tunasahau kesi ilianzaje: mwanamke alimlalia mtoto wake usiku, akafa. Uingereza, sheria ya watoto ya mwaka 1908 ililifanya kuwa kosa mtu mlevi kumlalia mtoto mdogo akafa kwa kukosa pumzi. Hatari ipo. Swali ni nani anabeba dawa ya hatari hiyo: mama peke yake, au na wale waliomzunguka?

Mageuzi yaliyofuata hayakutoka kwa matajiri. Mwaka 1978, Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi na mashine chache za kuwatunzia joto. Akawafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo hii tunaiita huduma ya kangaruu. Mwaka 1991 WHO na UNICEF wakaanzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, na moja ya hatua zake kumi ni mama na mtoto kukaa pamoja saa 24. Na mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa wadogo mno. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0 ndani ya siku 28. Waliosubiri kwanza wapate nafuu walikufa asilimia 15.7. Ili hilo liwezekane, kitanda cha mama kiliingizwa wodi ya watoto mahututi. Kitanda ndicho kilichohama!

Haya, na mwenye mshono je? Ukisema "mtoto akae na mama saa 24" halafu ukaondoka, umemwachia mwanamke ambaye miguu ina ganzi, mkono una dripu na mpira wa mkojo unaning'inia. Mwaka 2012 watafiti Kristin Tully na Helen Ball walichapisha utafiti wa Uingereza uliofanya jambo rahisi: waliwarekodi kwa video usiku mama 35 waliojifungua kwa operesheni. Watoto 20 walilala kwenye kitanda kidogo kilichoshikizwa ubavuni mwa kitanda cha mama, na 15 kwenye kitanda cha kawaida cha magurudumu. Idadi ya kunyonyesha haikutofautiana sana. Ila akina mama walikipenda mno kile cha ubavuni. Kwenye vile vya magurudumu ilikuwa shida kumfikia na kumshika mtoto, na wengine waliishia kusinzia naye kitandani, mtoto akiwa juu ya mto. Yaani kitanda kilichowekwa mbali kwa jina la usalama kilizaa hatari nyingine.

Hapa kwetu, wodi nyingi za umma mtoto hulala na mama kitanda kimoja, na siku wodi ikifurika kitanda hicho kinakuwa na mama mwingine pia. Wakati huohuo operesheni zinaongezeka duniani: WHO ilisema mwaka 2021 kwamba zimefikia zaidi ya uzazi mmoja kati ya kila mitano. Kwa hiyo swali hili litabisha hodi nyumbani kwako pia.

Yanayokubalika na wataalamu wengi ni haya: chumba kimoja na mama, mtoto alale chali, juu ya godoro gumu, bila mito wala blanketi zito, na asilale kitanda kimoja na mtu aliyemeza dawa za maumivu zinazoleta usingizi mzito. Kisha kiwe kitanda ambacho mkono wa mama unakifikia bila kukivuta kidonda. Na kwa siku zile za mwanzo awepo mtu macho usiku, dada, shangazi, mume (naam, mume!), wa kumpa mtoto anyonye na kumrudisha.

Kahura walilijua hilo la mtu wa pili mwaka 1879. Sisi wodini, saa ya kuona wagonjwa ikiisha, tunamwambia huyo mtu aende nyumbani.